Mwendo wa Maringo

Gari lilikuwa limeinuliwa juu ya jeki kubwa ya karakana, magurudumu yote manne yakielea hewani, tumbo lake jeusi wazi kwa kila mwenye macho. Mtangazaji alilitazama kupitia kioo cha chumba cha wateja akaona haya, kana kwamba ni yeye aliyevuliwa nguo mbele ya mafundi. Lilikuwa gari la mbio, jekundu kama pilipili iliyoiva, lenye viti viwili tu, limejiinamia kama paka anayevizia. Hata mwaka halikumaliza mikononi mwake. Giaboksi ilikufa katikati ya barabara kuu, na kampuni iliyomuuzia ikagoma kulitengeneza. Dhamana, walimwambia kwenye simu, haimlindi anayelitesa gari.

"Leo ukitumie hicho kinywa," mdogo wake alimnong'oneza wakiwa wameketi kusubiri. "Kinywa kinacholisha ukoo mzima kisije kikashikwa na kutu hapa."

Kweli kinywa ndicho kilichomlisha. Kila asubuhi sauti yake iliingia majumbani kwa njia ya redio kabla chai haijaiva, na watu waliamini saa aliyowatajia bila kutazama saa zao wenyewe. Wengi waliompenda hawakuwahi kumwona. Wachache waliomwona walimwona akipita tu: gauni refu la kufagia sakafu, kichwa juu, hatua za taratibu, nyonga ya kushoto ikizunguka kidogo kila alipoisogeza. "Maringo hayo!" walisema kazini, na jina la Mama Maringo likamganda. Naye akaliacha ligande. Heri waseme anaringa kuliko wajue kwamba chini ya gauni lile, kuanzia juu ya goti, mguu wa kushoto ulikuwa wa bandia. Wa kuzaliwa nao ulikatwa angali msichana, maradhi ya mfupa yalipokataa kusikia dawa. Ukiacha familia, aliyeijua siri hiyo ni daktari wake na fundi aliyemshonea magauni.

Ndiyo maana alilipenda lile gari kupita kiasi, hata ndugu zake wakamwona amerogwa. Gari la otomatiki huendeshwa kwa mguu mmoja, wa kulia, na wa kwake wa kulia ulikuwa mzima kama nguzo. Kwenye ngazi alikuwa wa mwisho sikuzote. Kwenye foleni alitafuta ukuta wa kuegemea. Lakini akishakaa nyuma ya usukani ule na kugusa mafuta, hakuna aliyemsubiri. Yeye ndiye aliyewasubiri wengine kwenye taa za barabarani. Asiyewahi kuachwa nyuma hawezi kuujua utamu huo.

Meneja aliingia akitabasamu, nyuma yake Fundi Mkuu na kompyuta yake kifuani, na kijana wa mauzo aliyevaa tai ya njano. Ni huyo kijana aliyemuuzia gari.

"Mama, nyumbani kwangu tunakusikiliza kila siku," Meneja alisema. "Mke wangu akijua nimekukatalia jambo, leo silali na shibe."

"Basi usikatae, ule," mdogo mtu alidakia.

Meneja akacheka, kisha akakaa, na kicheko nacho kikakaa. "Tatizo si mimi. Ni kumbukumbu za gari. Hili gari lina uwezo wa kuruka kutoka pale liliposimama, kama mshale. Ni raha, sikatai. Lakini ukizidisha, sahani za ndani ya giaboksi zinaungua. Zako zimeungua, na gari limeweka kumbukumbu ya kurushwa mara nyingi kuliko tunavyoruhusu."

"Sijawahi kulirusha hata mara moja."

"Na ulituambia mwenyewe kwamba hakuna mwingine anayelishika."

"Hakuna."

"Sasa mama yangu," Meneja alifungua viganja, "kama si wewe na si mwingine, basi ni jini."

Kijana wa tai ya njano alijichekea. "Mama naye mtu wa mambo yake. Mwenye mwendo ule, gari ataliendesha kinyonge kweli?"

Neno hilo lilimchoma mahali alipopazoea kuchomwa, ila safari hii lilizama zaidi. Miaka yote maringo yalikuwa pazia lake. Leo yamegeuka shahidi wa kumtia hatiani.

"Dada," mdogo wake alimnong'oneza, "waoneshe."

"Nyamaza."

"Waoneshe, yaishe."

"Heri nilikose gari."

"Haya, tulikose. Tutapanda teksi. Ila gari litabaki hapa, na uongo utakuja na wewe nyumbani. Kesho ukiwaambia watu ni saa moja kamili, huyu bwana na mkewe watatazama saa ya ukutani."

Mtangazaji alinyamaza. Kazini kwake ukimya ni dhambi. Ukizidi kidogo tu, msikilizaji huhamia kwingine. Huu aliuacha urefuke. Alitazama tena lile tumbo jeusi juu ya jeki, mabomba na nati zake nje nje, na mafundi wakipita chini yake bila kulicheka wala kulionea huruma. Kisha akamgeukia Fundi Mkuu, na alipofungua kinywa, ilitoka ile sauti ya asubuhi.

"Fundi, nieleze hiyo kulirusha inafanywaje. Taratibu, kama unamweleza mtu ambaye hajawahi kuona gari."

Fundi akajiweka sawa. "Unasimama. Unabonyeza kitufe cha mbio. Mguu wa kushoto unakanyaga breki kwa nguvu zako zote, na wa kulia unakandamiza mafuta mpaka mwisho. Injini inanguruma. Halafu wa kushoto unauachia ghafla."

"Mguu mmoja hauwezi kufanya yote?"

"Hauwezi, mama. Pedali mbili kwa pamoja."

"Na huo wa kushoto, lazima uwe na nguvu?"

"Za ng'ombe. Ukilegeza kidogo tu, gari linakataa."

Alichukua ufunguo wa gari mezani. Akapandisha gauni kidogo, si sana, akainama, akagonga muundi wake wa kushoto.

Ko. Ko. Ko.

Alikuwa mtu wa sauti maisha yake yote, na hii moja hakuwahi kumruhusu mgeni aisikie. Chumba kizima kiliisikia. Mdogo wake aligeukia dirishani akajifuta jicho kwa haraka, kama aliyeingiwa na vumbi.

Fundi Mkuu ndiye aliyezinduka kwanza. "Mimi nimesoma ni mara ngapi," alisema, zaidi akijiambia mwenyewe. "Lini, sikusoma." Akatoka kuelekea karakana, nusu akikimbia.

Mtangazaji aliingojea huruma kama mtu anavyongojea sindano. Ilikuja ndogo tu: glasi ya maji, na Meneja kukivuta kiti kimoja kando ili apate nafasi, bila kusema lolote. Basi alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya wageni. Badala ya kuukunja mguu kwa mkono na kuuficha chini ya kiti, aliunyoosha mbele, ukapumzika. Naye akapumzika.

Fundi alirudi. "Yote yalifanyika kabla hatujaliuza. Lilipokuwa gari letu la maonyesho." Alimtazama kijana wa mauzo.

"Nilikuwa... nawaonyesha wateja," kijana alisema, akilegeza tai.

"Wateja wa Jumapili, tumefunga duka?" Fundi alimuuliza.

Meneja alifumba macho, akayafumbua. Aliomba radhi kwa maneno machache yaliyonyooka, akasema giaboksi itawekwa mpya na kampuni itabeba kila kitu. Mtangazaji alishusha pumzi, akashangaa ilivyokuwa ndefu. Haikuwa ya giaboksi peke yake.

Ngazi ya kutokea ilikuwa ndefu. Sikuzote angesubiri watu watangulie, kisha ashuke taratibu, kichwa juu, akiukanyagisha ule mguu kwa hila usilie. Leo aliushika mkono wa ngazi wazi wazi. Kijana wa tai ya njano alikuwa ameuzuia mlango kwa bega usijifunge, macho sakafuni.

"Mama, nisamehe."

Alisimama mbele yake. "Ulipolirusha," alimuuliza, "lilikuwaje?"

Kijana aliinua macho, akitafuta mtego usoni pake asiuone. "Mama," alisema polepole, na tabasamu likamponyoka, "mwili unafika, moyo unabaki nyuma unauliza njia."

Mtangazaji alicheka, si kile kicheko cha redioni. "Siku nikija kulichukua, mimi nitakaa kushoto, wewe utashika usukani. Mara moja tu. Na giaboksi ikiungua tena, ni juu yenu."

"Dada!" mdogo wake alimaka.

"Tangulia, nakuja."

Akatanguliza mguu wa kushoto kwenye ngazi ya kwanza, akauacha ulie. Ko. Kisha wa kulia ukaufuata.