Fimbo Ibaki Mkononi Mwake

Kila asubuhi, kabla ya chai, tulikuwa tukisafisha mishipi ya kuvulia samaki. Shangazi alisimama kwenye mlango wa jikoni akiuvuta mshipi juu ya bega lake, nami nikakaa kwenye kigoda nikiwa na kitambaa chenye nta, mshipi ukipita katikati ya vidole vyangu na kuacha weusi wa matope ya bwawani. Redio ya jirani ilizungumza kwa niaba yetu. Asubuhi ile mshipi ulisimama ghafla. Nilidhani umenasa kwenye bawaba, kumbe kilichokwama ni mkono wa Shangazi. Ulikuwa umefika usawa wa kifua, haupandi wala haushuki, naye anautazama kama mtoto aliyemjibu kwa utovu wa adabu.

"Umegoma," alisema.

Daktari alimkataza kurusha kitu chochote, hata taulo begani, mpaka msimu upite. Kwingine lingekuwa jambo dogo. Kwetu, Shangazi ndiye darasa lenyewe. Kila Jumamosi watu huja bwawani kujifunza kwake kuvua kwa nzi wa bandia, ambao tunawafunga wenyewe kwa uzi na manyoya ya kuku. Nzi hao ni wepesi, ukipumua vibaya wanapeperuka mezani, na hilo ndilo huwachanganya wageni. Huwezi kumtupa nzi majini kama unavyotupa ndoano iliyofungiwa kipande cha risasi cha kuizamisha. Unachorusha ni mshipi, kwa kuwa ndio wenye uzito. Unaupeleka nyuma, unangoja unyooke hewani, ndipo unausukuma mbele, na nzi anafuata kama abiria. Asiyengoja, mshipi humwangukia kichwani.

Shangazi alitangaza mezani kwamba darasa la wanaoanza atalishika mmoja wetu, mimi au binamu yangu, mwanawe wa kumzaa, na kwamba ataamua baada ya kumwona kila mtu akifundisha. Binamu anarusha mbali kuliko mimi na ana sauti ya mnadani. Mimi nilisomea ualimu chuoni, lakini sauti yangu, kwa maneno ya binamu, haijawahi kuvuka benchi la pili. Aliniita Mwalimu Kunong'ona. Shangazi aliponiuliza kama ninalitaka darasa, nilijibu kwamba nitasaidia popote atakaponiweka. Nililitaka sana, ila hilo sikulisema.

Akaanza kutufunza kufundisha. Alikaa kwenye kiti uani, mkono umefungwa shingoni, akatueleza njia yake. Mwambie mwanafunzi mara moja. Mwambie tena. Akikosea tena, mchukulie fimbo yake ya kuvulia umwonyeshe. Mwanafunzi ni macho, alisema, akiona kizuri atakiiga. Binamu aliitikia kila neno. Mimi pia niliitikia kwa kichwa, lakini kuna kitu kilinikera kama kokoto kiatuni, na sikujua ni nini.

Tatizo langu lilikuwa kwamba nimeshasahau kutojua. Nimeshika fimbo ya kuvulia tangu meno ya utotoni, mkono wangu wa kulia hauniulizi kitu. Kwa hiyo siku moja, Shangazi alipokwenda kukandwa bega, niliihamishia fimbo mkono wa kushoto.

Ujinga wote ukarudi. Mshipi ulinizunguka shingoni. Ulinasa kwenye kamba ya nguo na kuangusha shuka lililokuwa limeshakauka. Kiwiko kilikwenda kwake na kifundo cha mkono kwake, kama ndugu waliogombana. Nilikaza meno, na polepole nikaanza kuona mambo. Kifundo kilikunjika kwa sababu hakuna kilichokizuia, hivyo nikachomeka kitako cha fimbo ndani ya mkono wa sweta, kikatulia. Sikujua mshipi unanyooka lini kule nyuma kwa sababu sikuutazama, hivyo nikageuza shingo.

Binamu alinikuta hapo. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha, kwa huruma, maana si mtu mbaya, alinichukulia fimbo, akarusha mara moja, mshipi ukanyooka juu ya ua kama umechorwa kwa rula, akanirudishia. Nilijaribu tena. Nilikuwa mbovu kuliko kabla hajanigusa. Mkono ulikuwa umeanza kuelewa, na sasa ulikuwa umepoa.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kokoto yangu. Jioni nilimweleza Shangazi, kwa sauti ya chini, yaliyonipata uani, na kwamba labda tusiwe tunawachukulia wanafunzi fimbo. Alinijibu kwamba amefundisha kabla sijaota jino, na kwamba mtu mwenye mkono wa kulia mzima anayerusha kwa kushoto ana lake jambo.

Jumamosi yangu ilipofika, alinipa mwoka mikate nimfundishe. Hakunionea huruma. Mwoka mikate ni mtu wa mabega, hukanda unga tangu ujana wake, na amehudhuria tangu msimu uliopita bila kuunyoosha mshipi hata mara moja. Kila Jumamosi, kabla mkono haujagoma, Shangazi alikuwa akimchukulia fimbo na kurusha, naye akipiga makofi, kisha akirudi nyumbani akimsifu mwalimu.

Nilimsimamisha kwenye nyasi, kando ya maji. Nikachomeka kitako cha fimbo ndani ya mkono wa koti lake, na mahali pa nzi nikafunga kipande cha sufu nyekundu. Akarusha. Mshipi ulilia mwaa, kama mjeledi.

"Mzee, unachapa ng'ombe wa nani?" binamu aliuliza kutoka kwenye benchi, na wanafunzi wengine wakacheka. Mwoka mikate alicheka pia, lakini shingo yake ilibadilika rangi.

Nilimwomba ageuze kichwa, autazame mshipi unavyokwenda nyuma, asijali kuupeleka mbele. Akarusha, ukamwangukia kofiani. Akarusha, ukamfunga sikio. Shangazi alikohoa. Nikajua maana yake, nikaweka mikono yangu nyuma ya mgongo, kidole ndani ya kidole.

"Mchukulie," Shangazi alisema.

Nilitikisa kichwa.

"Binti, mchukulie umwonyeshe. Unamwaibisha mtu mzima."

Mwoka mikate alikwishaanza kuninyooshea fimbo, kwa mazoea. Sikuipokea. Nilimwambia arushe tena, na safari hii asubiri mpaka aone sufu imetulia hewani. Aligeuza shingo. Mshipi ulikwenda nyuma, ukafunguka, ukafunguka, ukanyooka wote juu ya nyasi, na yeye akaduwaa akiutazama mpaka ukaanguka. Mbele hakuupeleka kabisa. Alikuwa amesahau.

"Nimeuona," aliniambia. "Dada, nimeuona."

Watu walicheka tena, kwa sababu kwao alikuwa ameshindwa tu. Shangazi alikuwa ameshasimama. Alikuja juu ya nyasi, mkono mzima umetangulia, vidole tayari vimefunguka kushika fimbo, huku akisema kwamba inatosha, kwamba atamwita mwanawe aje amalize.

Nikaingia katikati yao.

"Mwache, Shangazi." Ilitoka kwa mnong'ono. Alinipita kwa bega, nikasogea tena mbele yake, na safari hii sauti yangu ilivuka maji, maana mtu aliyekuwa ng'ambo ya bwawa aliinua kichwa.

"Hapana. Ukimchukulia fimbo, unaondoka na alichokipata. Hatanyang'anywa na wewe, wala na mimi. Arushe mpaka giza liingie, aanguke nayo, ni yake." Nikairudisha mikono yangu nyuma ya mgongo. "Na mimi sikuja kusaidia. Nilisema hivyo kwa woga. Ninalitaka darasa hili, Shangazi. Ninalitaka liwe langu, na nitalifundisha hivi, hata kama kwa sababu hiyo utampa mwanao."