Kivimbe cha Shemeji

Mume wa muuguzi alipoanza kutoa damu chooni na kutaka kupimwa, mdogo wake mwenye bucha alimcheka mbele ya wateja. “Mwanamume mzima uingizwe mpira nyuma? Kula nyama, kaka, utapona!” Kaka mtu akaona haya, akaacha kupimwa, mpaka saratani ya utumbo mpana ikampeleka kaburini.

Leo damu ilikuwa imemtoka huyo huyo mwenye bucha. Aliingia chumba cha hospitali cha kupimia utumbo kwa kamera, akamkuta mjane wa kaka yake amevaa glavu. Akanywea.

“Shemeji, nifichie.”

“Dawa ya kusafisha tumbo umekunywa? Hukula kitu?”

“Nyama kidogo tu. Ya kuonja.”

Tumbo likiwa chafu kamera haioni kitu. Muuguzi akamkabidhi dumu jingine la ile dawa inayotia kichefuchefu, roho yake kwatu. “Kanywe lote, ushinde chooni, kesho urudi.”

Kesho yake daktari aliona kivimbe, akakikata hapo hapo kabla hakijageuka saratani. Mwenye bucha alipozinduka kutoka kwenye dawa ya usingizi alilia kwa furaha, akamshika muuguzi mkono. “Umeniokoa, shemeji. Mungu akulipe.”

Muuguzi akauchomoa mkono wake.

“Usidhani nimekuhurumia. Nataka uishi miaka mingi, uzeeke, uote mvi mpaka kwenye nyusi. Na kila ukiingia chooni, ukumbuke kwamba kaka yako alihitaji hiki hiki ulichofanyiwa leo, na wewe ukacheka.”