Kipimo cha Zamani

Kwa miezi mitatu, kila asubuhi, muuguzi wa dirisha la dawa alimpa uhai kwa kikombe cha plastiki mtu aliyemuua mdogo wake. Mtu mwenyewe hakuwa na habari.

Vijana wa mtaani walimwita Daktari, kwa sababu aliuza unga wa kulevya na kila aliyeumwa alikimbilia kwake. Kisha Daktari naye akaonja mzigo wake, mzigo ukamla, na sasa alikuwa mgonjwa namba sitini na mbili pale kliniki, akipanga foleni kunywa methadoni, ile dawa ya maji inayomwachisha mtu unga taratibu. Alikunywa mbele ya muuguzi, kisha akataja jina lake kwa sauti. Kila mgonjwa alitakiwa ataje, maana wapo waliokuwa wakiificha dawa mdomoni wakaiuze nje, na mdomo uliojaa hausemi. Malipo ni hapa hapa duniani, watu husema. Muuguzi aliyaona malipo hayo madogo mno.

Mdogo wake alikuwa kitinda mimba, na nyumbani walimwita Kitinda. Alikaa miezi minne kwenye nyumba ya kupona, akanenepa, akarudia utani wake. Siku ya tatu baada ya kutoka alipita kwa Daktari. Mwili uliokaa miezi minne bila unga umeshausahau. Kipimo ulichokibeba jana leo kinakulaza. Daktari alilijua hilo kuliko mtu yeyote, na bado akampimia kipimo chake cha zamani. Walimkuta Kitinda amekufa kwenye ngazi za jengo ambalo halijamalizika, kiatu kimoja mguuni. Msibani Daktari alifika, akampa mama pole, akala, akaomba aongezewe. Muuguzi ndiye aliyempakulia, hajui bado anampakulia nani; vijana wa mtaani walimwambia baada ya matanga. Naye Daktari alitazama mwiko tu, hakumtazama mwenye mwiko.

Jumatatu moja Daktari alifika dirishani midomo imemkauka, suruali haina mkanda, kamasi zinamchuruzika, mwili wote ukimdai dawa.

"Miligramu tisini zangu, sista. Arosto inaniua."

"Wiki nzima ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakuja. Si wewe uliyekuwa dirishani, ndiyo maana. Angalia kitabu."

Akaangalia. Wiki ile yeye alikuwa chumba cha mafaili, na mwenzake wa zamu alikuwa na tabia ya kutia tiki ukurasa mzima wa wiki, mpaka Jumapili, ifikapo Ijumaa jioni, waliokuja na wasiokuja, mradi arudi nyumbani mapema. Kitabuni Daktari hakukosa hata siku moja. Lakini kwenye mafaili ndiko kuliko na simu, na mama yake Daktari alipiga mara mbili: mwanangu yuko mahabusu, dawa yake ataipataje? Mpaka leo zilitimia siku nane. Kanuni ilikuwa wazi kwamba aliyekosa siku tatu mfululizo anaonwa na tabibu, anaanza chini, kwa thelathini, kwa kuwa dozi ya juu inaweza kumlaza asiamke. Thelathini haizimi arosto, na hiyo ndiyo sababu Daktari alikuwa akidanganya.

Kitabu kinasema alikuja. Mgonjwa anasema alikuja. Nani angemuuliza muuguzi? Akapima tisini. Alipima bila haraka, na jambo hilo lilimfurahisha.

Akakisukuma kikombe. Daktari akakidaka, akakipeleka mdomoni. Hapo muuguzi akagundua kwamba kisasi cha kimyakimya hakimtoshi. Alitaka Daktari ajue.

"Kinywe," akasema. "Ni kipimo chako cha zamani. Kama kile cha Kitinda."

Kikombe kikasimama kidevuni. Kwa mara ya kwanza Daktari akamtazama usoni.

"Wewe nani wake?"

"Dada yake. Nilikupakulia msibani, mara mbili."

Nyuma mtu akapaza sauti: "Huko mbele mnachumbiana? Wengine tuna kazi."

"Mama yako amenipigia simu," muuguzi akasema. "Siku nane mahabusu. Sasa niambie, si wewe ndiye Daktari? Mtu wa siku nane akinywa tisini inakuwaje?"

"Anaweza kufa."

"Sikusikii."

"Anaweza kufa, sista."

"Siku ile ulijua?"

"Nilijua. Aliniomba nimpunguzie. Nikamcheka, nikamwambia mwanaume haanzi upya."

Hilo muuguzi hakulijua. Kitinda aliomba. Kitinda, mwoga wa sindano tangu utotoni, alikuwa na akili ya kuomba apunguziwe, na akachekwa. Hasira ilimpanda mpaka macho yakaona giza. Wakati ule, kama Daktari angekunywa, asingenyoosha mkono kumzuia. Hakujidanganya kuhusu hilo hata baadaye.

Daktari alikirudisha kikombe kwa mikono miwili. "Nipunguzie, dada yangu. Nakuomba."

"Ona unavyojua kuomba," akasema. "Mkuki kwa nguruwe."

Alikimwaga kikombe kwenye ndoo ya taka, taratibu, Daktari akiona. Akachukua kalamu nyekundu, akazikata tiki saba za wiki ile moja baada ya nyingine. Akamwita tabibu, tabibu akampima, akaandika thelathini. Muuguzi akapima thelathini, bila tone la ziada. Daktari akanywa, akafungua mdomo kutaja jina lake kama kawaida.

"Si lako," muuguzi akasema. "Lake."

"Kitinda."

"Watu wa nyuma hawajasikia."

"Kitinda."

Muuguzi akaandika saa kitabuni, akafunika kalamu.

"Dawa hii utainywa miaka, na kila asubuhi utalitaja hilo. Kesho saa mbili. Ukikosa nitakutafuta kwa mama yako, nitakutafuta mahabusu. Na usithubutu kufa."

Daktari akaitikia kwa kichwa na kusogea pembeni, akiishikilia suruali.

"Sitini na tatu," muuguzi akaita. "Karibu, kaka. Mtoto vipi, homa imeshuka?"