Tochi Iliyoanikwa Juani

Fundi Kailash wa Ngara aliifungua tochi ya Sifuna kwa bisibisi, akachungulia ndani, kisha akasogeza chai yake mbali. Unga mweupe ulikuwa umetapakaa kwenye nyaya, na pakiti ya betri imefura kama andazi.

"Hii ilikufa kitambo, bwana," alisema. "Wewe unatembea na maiti."

"Ifufue basi, fundi. Leo jioni mwenye stoo anakuja kuiangalia."

Kailash hakufufua, alizika. Aliing'oa ile pakiti, akaitupa kwenye debe, akasugua kutu, akaunganisha betri mpya za kuchaji kwa lehemu, akazifunga utepe na kuzishindilia mahali pake.

"Sasa haina nguvu. Chaji na stima mpaka jioni. Stima, umesikia?"

Sifuna alisikia. Shida ni kwamba kwake, nyuma ya Dagoretti Corner, stima ilipita juu ya paa ikielekea kwa watu wengine. Na soketi ya kazini, kwenye stoo ya sukari ya Ngong Road alikolinda usiku, ilikuwa ndani ya ofisi. Ofisi ilifungwa kila jioni na Kiragu, karani wa stoo, na ufunguo alilala nao. Ndiyo maana tochi ilikufa kwa njaa. Magunia nayo yalikuwa yakipungua, na Mwololo, mwenye stoo, alishatoa hukumu: soja asiye na taa ni mwizi aliyevaa sare. Tochi isipowaka jioni hiyo, Sifuna angelala korokoroni.

Mkewe, Namalwa, hakuona shida iko wapi. Betri za redio zikichoka, si kila nyumba huzianika juu ya mabati, na jioni watu wakasikiliza habari?

"Betri ni betri, Baba Nanyama. Lete hapa."

Akaifungua tochi, akailaza juu ya paa tumbo wazi, kati ya dagaa wa omena na soksi.

"Uigeuze," Sifuna alimwambia akienda kulala. "Isiive upande mmoja."

Jioni aliijaribu kabla ya kutoka. Iliwaka. Ila haikutoa mwanga wa tochi, ilitoa mchana. Pale ilipomulika uani palikuwa na duara la saa sita, lenye joto lake na nzi wake, na ndani yake Namalwa wa saa sita alikuwa amelala chali kwenye mkeka, mdomo wazi.

"Nilidhani ulikuwa unafua," Sifuna alisema.

"Zima, utamaliza moto," alijibu Namalwa wa jioni.

Giza lilikuwa limeanza kushika alipofika stooni. Mwololo na Kiragu walikuwa wamesimama uani, makoti yamefungwa mpaka shingoni kwa baridi.

"Haya, washa," Mwololo alisema.

Sifuna aliuelekeza mwanga kwenye mlango wa stoo. Pakawa saa sita. Mlango ukafunguka, akatoka Kiragu wa mchana na gunia begani, akalitupa kwenye mkokoteni uliokuwa ukingoja, akafuta jasho, akarudi kuchukua jingine.

Kiragu wa jioni alitazama, mikono mfukoni.

"Nimenenepa," alisema.

"Ni hilo shati," Mwololo alimwambia. "Mistari ya kulala humnenepesha mtu."

Wote watatu wakasogea karibu na mlango, maana pale palikuwa na joto. Sifuna aliishika tochi kwa mikono miwili.

"Mzee, mimi saa sita huwa kwangu nimelala."

"Naona." Mwololo aliliacha gunia jingine lipite. "Kwa hivyo usiku hakiibwi kitu."

"Hakuna, mzee."

"Basi wewe kazi yako unaifanya sawasawa." Akampiga bega. "Tochi ni nzuri. Lakini mlangoni usiielekeze tena. Mke wangu akisikia ndugu yake huyu amemulikwa, nitalala nje, na ni wewe utanilinda."

"Ndiyo, mzee."

"Kesho uniazime, soja," Kiragu akaongeza. "Nina nguo hazikauki."

Wakaondoka kwa gari moja. Sifuna aliketi langoni, akacheka peke yake mpaka mbwa wa jirani akamwuliza kuna nini. Kazi anayo. Korokoroni hendi. Akaimulika miguu yake, akaota jua.

Asubuhi alirudi nyumbani, akanywa uji, akavua viatu, kitu ambacho kwa wiki nzima hakuthubutu, maana polisi hawangoji mtu afunge kamba. Saa sita, mkokoteni ulipofika tena mlangoni pa stoo, Sifuna alikuwa anakoroma, na usingizi wenyewe ulikuwa wa halali.