Sindano Anaiona, Mimi Hanioni

Nisidanganye, nilichanganyikiwa. Mimi fundi cherehani, na anayenitilia uzi kwenye sindano ni binti yangu wa miaka tisa. Anautia mara moja tu, hata haulambi. Halafu shangazi yake aje aniambie mtoto hana adabu, anapishana na watu wazima barabarani bila shikamoo! Jirani naye vivyo hivyo. Mwalimu akaongeza kwamba akinakili ya ubaoni anaandika yake mwenyewe.

Niligomba hadi sauti ikakauka.

"Mama, naamkia wote ninaowaona," akalia.

"Kwani wengine majini? Ukirudia, Jumamosi unahamia kwa shangazi akakunyooshe!"

Begi nikalipanga kabisa.

Ijumaa nikavaa gauni jipya la kijani, nikaenda kusimama ng'ambo ya geti la shule nijionee mwenyewe. Akatoka. Nikampungia mkono. Akanitazama, jamani, akanitazama mimi hasa, kisha akageuka. Moyo uliniuma. Akamfuata mama mmoja mwenye aproni nyekundu kama yangu ya kazini, akamshika mkono. Alipoinua uso na kumwona kwa karibu, akaruka nyuma.

Nilipomfikia akaning'ang'ania gauni. "Nilidhani ni wewe. Wewe ndiye mwekundu."

Mwekundu? Nilimwelewa na sikumwelewa.

Kesho yake tukaenda kwa mpima macho. Benchi lilijaa watoto, nikashangaa.

"Haoni mbali," mpimaji akasema.

"Wee! Huyu anaona tundu la sindano!"

"Sindano iko karibu, mama. Wako wengi hivi. Dunia nzima, karibu mtoto mmoja kati ya watatu."

"Sasa mbona hakusema?"

"Aseme nini? Anadhani kila mtu anaona hivyo."

Nikaenda kusimama mlangoni nipate hewa. Mpimaji akamvalisha miwani ya majaribio. Binti yangu akatazama dirisha, akatazama benchi, kisha akanigeukia mimi kule mlangoni.

"Mama," akasema, "kumbe hata ukiwa mbali una uso?"

Nikauziba mdomo kwa kiganja. Mdomo huu wangu, uliomgombeza wiki nzima.

Tuliporudi nyumbani, shangazi alikuwa ameshafika kumchukua, amekaa karibu na begi. Nikalifungua mbele yake, nikaanza kurudisha nguo kabatini.