Vitabaki Ishirini na Sita

Nyumbani wananiita Mkato, na jina nimelistahili. Nikifua, nasuuza mara moja. Nikipiga pasi shati, napiga kola na kifua tu, mgongo utajijua wenyewe. Shangazi, aliyenilea na aliyefundisha madrasa miaka thelathini, husema hata chafya napiga nusu.

Kwa hiyo mwaka niliorudia mtihani wa utoaji dawa kwa mara ya tatu, ambayo chuoni kwetu ndiyo ya mwisho, nilikata na dua pia. Tangu nikiwa mdogo Shangazi alinifundisha kuomba kila baada ya swala ya alfajiri: elimu yenye manufaa, riziki njema, na amali yenye kukubaliwa. Mimi nilikuwa na sura kumi na nne za kitabu za kumaliza. Riziki na amali nikaona zisubiri mtihani upite. Nikawa nasema, "Allahumma inni as'aluka ilman," yaani Mola wangu nakuomba elimu, amin, halafu huyo, mezani.

Nikapewa.

Siku ya tatu nilikuwa kwenye dirisha la dawa la zahanati, ninakofanya kazi ya usaidizi, nikajua idadi ya vidonge kwenye kopo kabla sijavimwaga kwenye sinia. Nikahesabu: mia mbili na kumi na saba, kama nilivyojua. Nilicheka peke yangu. Kitabu nacho, ukurasa niliousoma mara moja ulibaki kichwani mzima, pamoja na madoa ya chai. Nikaanza kujua na mambo yasiyonihusu: kwamba mama wa pili kwenye foleni amevaa soksi zisizofanana, kwamba msumari wa tatu wa benchi la kungojea umelegea. Hayakunisaidia kitu, lakini sikuona ubaya wake.

Kisha akaja fundi saa, mzee mcheshi wa duka la jirani. Nilimpa vidonge thelathini vya presha, kimoja kila asubuhi. Alipovitia kwenye mfuko wa koti, chupa nyingine ya vidonge iliyokuwa humo ndani ikalia.

"Mfuko wangu siku hizi ni kayamba," akasema.

Nikacheka naye, na papo hapo nikajua: vitabaki kumi na tisa. Nilidhani atasahau kuvimeza, usahaulifu wa wazee.

Siku ya kumi na mbili tangu nimpe, binti yake akarudisha pakiti. "Baba hatunaye tena," akasema. "Nimeona nivirudishe, visije vikaokotwa na watoto." Nilivihesabu mbele yake ingawa sikuhitaji. Vilikuwa kumi na tisa.

Tangu siku hiyo dirisha likawa adhabu. Kila niliyemkabidhi dawa, namba yake ilikuja bila kuitwa. Wengi walikuwa sifuri, hakitabaki kitu, na watu wa sifuri niliwapenda kama ndugu. Watatu hawakuwa sifuri. Sikuwaambia neno. Ningewaambia nini?

Alhamisi nikamletea Shangazi dawa yake mpya ya presha, vidonge thelathini. Alinyoosha mkono, nami pakiti ikiwa bado kwenye vidole vyangu nikajua: vitabaki ishirini na sita.

Ijumaa alimeza kimoja kwa chai. Jumamosi cha pili. Jumapili nilificha pakiti chini ya mto, akaitafuta, akaipata, akanigombeza kwa kuchezea dawa za watu. Jumatatu, siku ya mtihani, nilitoka kwenye mswala nikamkuta ameshameza cha nne. Alisimama, akashika ukuta.

"Miguu imekuwa pamba leo," akasema.

Nilimwaga machozi na kila kitu kilichokuwa moyoni. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kushtuka, na utulivu wake ndio ulionitisha zaidi.

"Ile dua unaisomaje?"

"Kama ulivyonifundisha, Shangazi."

"Isome nisikie."

Nikasoma. Akangoja.

"Malizia."

"Nimemaliza."

"Nafi'an iko wapi, Mkato?"

Nikayarudia maneno kwa vidole.

"Yenye manufaa," akasema polepole, kama anavyowasomesha watoto. "Umeomba elimu, umepewa elimu. Hukuomba imfae mtu. Mtume alikuwa akijikinga kwa Mungu na elimu isiyonufaisha, wewe umeifungulia mlango na kuikaribisha chai!"

Nikarudi kwenye mswala, nikaomba yote, neno kwa neno, mpaka amali. Nilipotamka nafi'an kitu fulani kikanyamaza, kama friji inapozima ndipo unagundua ilikuwa ikinguruma. Nikaitazama pakiti. Haikuniambia chochote. Nilijaribu kujua kama Shangazi wangu atakufa leo, nikakuta giza tupu, na hofu niliyoipata hapo ilizidi ya siku zote nne.

"Nenda kwenye mtihani wako," akasema.

Nilikwenda kukifunga kitabu. Kilikuwa wazi kwenye dawa za presha, na mstari ule nilikuwa nao kichwani wiki tatu nzima, mpaka nukta zake: isitumiwe pamoja na vidonge vya potasiamu bila daktari kujua, huweza kulegeza viungo na kusimamisha moyo. Nikausoma kama sijawahi kuuona.

"Shangazi, kuna dawa gani nyingine unameza?"

"Vile tu vya kuzuia miguu kukakamaa, nilivyopewa kliniki ya kule juu. Vimo kwenye kopo la sukari."

Nilifungua kopo, nikasoma kibandiko, nikampigia simu dereva wa teksi.

Mtihani ulianza saa tatu. Saa tatu mimi nilikuwa hospitali, nimeshika viatu vya Shangazi, naye amelazwa na nyaya kifuani. Daktari alitoka akasema tumewahi, lakini tungengoja kesho asingeahidi kitu.

Chuo kimenifuta. Shangazi yupo, ananigombeza, na pakiti iko kwenye mtoto wa meza ikiwa na vidonge ishirini na sita ambavyo hakuna atakayevimeza. Jumanne nilichukua daftari la wagonjwa nikawafuata nyumbani wale watatu wasio sifuri, niwaulize wanameza nini kingine. Wawili niliwakuta.

Bado niko dirishani, msaidizi yuleyule. Kila mtu namuuliza ana dawa gani nyingine, mpaka foleni inanung'unika na kuniita Hakimu. Lakini kila alfajiri, nikifika kwenye lile neno, naisikia chupa ya fundi saa ikilia kwenye mfuko wa koti. Siku ile niliisikia kwa masikio yangu haya, nikacheka. Ilitosha kumuuliza.