Mnada wa Wendelin

Jumapili ya pili ya Juni, mwaka 1956, baada ya misa, Mwalimu Hilari alisimama kwenye baraza la kanisa la kigango, mwendo mfupi kutoka Ifakara, akitazama vitu vilivyoletwa kwa ajili ya mnada. Kuku wanne, mikeka miwili, boga moja na debe la mpunga.

"Kuku kila mtu anao," alimwambia Scolastica, mwenzake katika kamati. "Nani atapandisha bei ya kitu kilichojaa uani kwake?"

Mnada ulikuwa wa kuwasaidia wajane wa mto. Mwezi Aprili mtumbwi wa kuvushia watu ulizama ukiwa na wanaume sita waliokuwa wakienda ng'ambo kulinda mpunga dhidi ya ndege. Walikufa wote. Mmoja alikuwa mume wa Scolastica.

Hilari alikuwa mtu wa kufikiri. Mnada wa mwaka uliotangulia ulikuwa umemwaibisha, na tangu hapo alikuwa amegundua kwamba watu hutoa kwa moyo wanapoona kitu kisichopatikana dukani, hasa kama wenye uwezo wawili wanakitamani kwa pamoja.

"Wendelin je?" Scolastica aliuliza, huku akilifunga debe.

Wendelin alikuwa mmoja wa wale sita. Alizikwa siku ya tatu, na baada ya wiki moja akaanza kurudi nyumbani. Alikuja kila jioni kuku wakiingia bandani, shati likichuruzika maji, akakaa kwenye kigoda mlangoni na kushona wavu mpaka giza lilipoingia. Kisha aliinuka na kwenda zake mtoni. Mke wake, Serafina, alimwaga mchanga mkavu pale alipokaa. Majirani waliopita walimsalimu, naye aliitikia. Wale wengine watano hawakurudi.

Jioni ile Hilari alikwenda kwa Serafina.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu, Mwalimu."

Hilari alimweleza alichokijia. Wendelin alikuwa hatua chache kutoka hapo, akipitisha uzi kwenye wavu.

"Ni mume wangu, Mwalimu," Serafina alisema.

"Najua, mama. Ndiyo maana nimekuja kukuomba wewe. Mnada ni wa wajane, na wewe ni mjane."

"Sijajiona mjane bado."

"Wenzako watano wamejiona."

Kisimani wanawake walikuwa wakinyamaza kila Serafina alipofika. Siku moja Scolastica, aliyekua naye tangu utoto, alimuuliza Serafina kile ambacho Wendelin huwa anakisema. Serafina alimjibu kwamba huwa anauliza habari za watoto. Scolastica alichukua ndoo yake, ikiwa bado tupu, akaondoka.

Mwalimu alipokwenda, Serafina alimgeukia mume wake. "Umesikia. Unasemaje?"

"Wa kusema ni ninyi mlio hai," Wendelin alijibu. Akavuta uzi. "Huko nitakakopelekwa kuna kigoda?"

"Nitawaambia wakupe."

Usiku Serafina hakulala. Asubuhi alikwenda kwa Mwalimu, akamwambia sawa.

Mnada ulipangwa ufanyike jioni, ili kitu cha mwisho kifike chenyewe. Kuku walikwenda kwa bei ya kawaida, na boga halikupata mtu. Kisha Wendelin akaja kutoka upande wa mto, akakaa kwenye kiti karibu na meza. Maji yalitiririka hadi kwa waliokaa mbele, nao wakainua miguu.

Dionisi, aliyekuwa akinadi, alimsifu kwa sauti. "Hali chakula, haugui, hahitaji kitanda. Mkono wake mnaujua. Anashona nyavu, na magunia pia atashona."

Wenye uwezo walikuwa wawili. Donati, mwenye duka, alimtaka akae barazani kwake wageni wamwone. Kasmiri, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, ambaye pia ndiye aliyekuwa na mtumbwi wa kuvushia watu, alikaa amekunja mikono. Donati alianza kwa shilingi ishirini. Kabla ya kuongeza alitaka kujua anachonunua, kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Wewe ulikufaje hasa?"

Wendelin alimjibu kama anamwelekeza njia. "Mtumbwi ulikuwa na ufa, mbele, upande wa kushoto. Nilimwambia Kasmiri siku ya Jumatatu. Akasema tusubiri mavuno. Sisi tulivuka Alhamisi."

Watu walisikia. Baadhi walitikisa vichwa kukubali, maana ufa ule waliujua. Scolastica alitazama mikono yake. Mwalimu Hilari alitazama orodha yake.

"Hamsini," alisema Kasmiri.

Kuanzia hapo hakurudi nyuma. Donati alifika mia moja na arobaini akakaa chini. Kasmiri alimchukua Wendelin kwa shilingi mia na hamsini, bei ambayo kigango kile hakikuwahi kuisikia, na watu wakapiga makofi. Hilari alitambua jambo ambalo hakuwa amelifikiria: kitu hupanda bei upesi zaidi kikiwa kinajua habari za mnunuzi. Katekista alimwombea Kasmiri baraka, na Jumapili tatu mfululizo jina lake lilisomwa kanisani kuwa mfano wa ukarimu.

Kila mjane alipata blanketi na madebe mawili ya mahindi. Kisimani wanawake walianza tena kuzungumza na Serafina. Scolastica alimsaidia kujitwika ndoo.

Mwezi Agosti Serafina alikwenda kwenye mashine ya Kasmiri. Mlinzi alimruhusu aingie chumba cha nyuma, kisicho na dirisha. Wendelin alikuwa akishona magunia.

"Habari za nyumbani?"

"Njema. Wamekupa kigoda?"

"Nakalia gunia. Watoto?"

"Hawajambo. Wanakuulizia. Jioni moja tu, huwezi kupita?"

"Nimeshanunuliwa, mama. Na nimeambiwa nisiseme tena habari za mtumbwi." Alichukua gunia jingine. "Nimekubali."

Serafina alikaa naye mpaka mlinzi alipokuja kufunga mlango.

Mvua zilipoanza, watu walianza kuvuka kwenda kupanda mpunga. Shamba la Serafina lilikuwa ng'ambo, na mtumbwi wa kuvukia ulikuwa ule ule mmoja, uliovutwa kutoka mtoni na kurudishwa kazini. Aliingia yeye, Scolastica na wengine wanane. Walipofika katikati, maji yalianza kuingia mbele, upande wa kushoto, yakazilowesha mbegu miguuni pake. Mpiga kasia alimpitishia kopo la bati.

"Anayekaa hapo ndiye anayechota, mama."

Serafina alilipokea kopo, akaanza kuchota.